Nusu saa ya Jumamosi kwenye chemichemi

Magharibi mwa Kenya, kutoka Vihiga, Kakamega hadi Busia, ukishuka karibu kila bonde utakuta chemichemi iliyojengewa: ukuta wa saruji, paipu moja au mbili, ngazi za kushukia na foleni ya mitungi ya manjano. Nyingi zilijengwa vizuri. Kinachoziua ni vitu vidogo, kama mfereji uliojaa udongo, mzizi ulioingia kwenye paipu au ng'ombe aliyelala juu ya jicho, yaani pale maji yanapotokea ardhini. Watu watano wenye majembe mawili, panga moja na fyekeo wanamaliza kazi yote kwa nusu saa kila Jumamosi.

Kwanza ujue kilichofichwa nyuma ya ule ukuta. Fundi alichimba hadi pale maji yanapotokea, akajaza mawe safi, akayafunika kwa plastiki nzito na udongo wa mfinyanzi, kisha akarudishia udongo wa kawaida na kupanda nyasi. Maji yanapita katikati ya mawe hadi kwenye paipu bila kuona jua wala kuguswa na mkono. Basi kila unachofanya pale, jiulize kama kinalinda kile kifuniko au kinakitoboa.

Anzia juu, wala si kwenye paipu. Mita 8 au zaidi kutoka kwenye jicho, upande wa mlimani, panatakiwa kuwa na mfereji wa kukinga maji ya mvua, wenye kina cha kufika magotini hivi, uliojipinda kama mwezi mchanga ili maji yapite pembeni ya chemichemi pande zote mbili. Mvua kubwa chache tu za Aprili zinatosha kuujaza udongo. Unapouzoa, udongo uweke upande wa chini wa mfereji uwe tuta. Ukiuweka upande wa juu, mvua ijayo itaurudisha mle mle. Hili hukosewa sana, hata na watu wenye bidii.

Kuna kipimo rahisi cha kujua kama kinga inafanya kazi. Baada ya mvua kubwa, kinga maji kwenye chupa ya plastiki isiyo na rangi uitazame kwenye mwanga. Yakiwa na rangi ya chai siku ile ile, maji ya juu yanapenya: mfereji umeziba, au kifuniko kina shimo, mara nyingi la fuko. Shimo lizibwe kwa udongo wa mfinyanzi ulioloweshwa na kushindiliwa, kisha nyasi zirudishwe. Jaribu tena baada ya mvua inayofuata.

Juu ya jicho ziwepo nyasi fupi za kutambaa tu. Mche wowote wa mti ng'oa ungali mdogo, maana mzizi hufuata maji hadi ndani ya mawe na hautoki tena bila kubomoa. Kuhusu mikaratusi, hakuna la kujadiliana. Mwaka 2009 John Michuki, akiwa Waziri wa Mazingira, aliagiza ing'olewe kwenye vyanzo vya maji, na bado utaiona imejipanga mabondeni kwa sababu nguzo zina soko. Mwenye shamba akitaka miti, apande mbali, juu kwenye ukavu. Mkuyu wa zamani uliokuwepo kabla ya ukuta, uacheni ulivyo.

Sasa paipu. Watoto huingiza vijiti na magunzi. Vitoeni kwa mkono au kwa waya uliokunjwa ncha, bila kugonga. Na tafadhali, msifunge koki. Kila baada ya muda hutokea mtu mwenye nia njema anayeona maji "yanapotea" usiku, akaziba paipu. Maji yakizuiwa husukuma nyuma, hutafuta upenyo mwingine, na chemichemi inaweza kutokea kwenye shamba la jirani au chini ya ukuta wenyewe. Maji yaachwe yatoke usiku na mchana.

Ufa mdogo ukutani hautaki fundi wa kutoka mjini. Uchimbue hadi upate saruji ngumu, usugue kwa brashi, uloweshe, kisha jaza kwa saruji sehemu 1 na mchanga uliooshwa sehemu 3. Funika kwa gunia lililolowa na ulimwagie maji kwa siku 7. Ukiachwa ukauke kwa jua la saa sita, ufa utarudi.

Chini ya paipu, zibueni mtaro wa kutoa maji hadi yakimbie yenyewe. Hapa ndipo kila wiki inapata maana: yai la mbu huwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 14 hivi, kwa hivyo dimbwi likikaushwa kila Jumamosi, wengi hawafiki kuruka. Ngazi zenye ukoga zisuguliwe kwa brashi na mchanga. Mama mjamzito mwenye lita 20 kichwani hana pa kushika. Nguo zifuliwe chini ya mtaro, kamwe si juu.

Halafu kuna mtungi wenyewe, na hapa ndipo kazi nyingi hupotea. Mwanauchumi Michael Kremer na wenzake walifuatilia chemichemi karibu 200 huko Busia, wakachapisha matokeo mwaka 2011: kujengea chemichemi kulipunguza uchafu wa kinyesi kwa asilimia 66 pale maji yanapotoka, lakini kwa asilimia 24 tu kwenye maji yaliyokwisha kufika nyumbani. Tia mtungini konzi ya changarawe, maji kidogo na sabuni, tikisa kwa nguvu, suuza mara mbili. Uwe na kifuniko chake, si gunzi wala majani. Palipo na kisambazaji cha klorini, mzungusho mmoja hutoa mililita 3 kwa mtungi wa lita 20. Subiri dakika 30 kabla ya kunywa. Maji ya tope hula klorini, hivyo yaache yatulie na uyachuje kwanza.

Mwenye shamba asisahaulike. Mila ya huku haimruhusu kunyima watu maji, lakini hakuna mila inayomlazimisha kufurahia mahindi yaliyokanyagwa. Rekebisheni njia yake, na nyasi mlizofyeka apewe yeye kwa ng'ombe wake.

Mwisho, pimeni. Kila Februari, kabla ya mvua, wekeni mtungi wa lita 20 chini ya paipu na mhesabu sekunde hadi ujae. Liguru, yaani mzee wa kijiji, aandike kwenye daftari. Ikiwa mwaka jana ulijaa kwa sekunde 60 na mwaka huu kwa 120, kabla ya kulaumu kiangazi, pandeni juu mkatafute mzizi.