Chumba Kilichokataliwa

Nilikuwa na wiki mbili tu kazini, usafi wa vyumba, katika hoteli moja ya ufukweni kaskazini mwa Unguja. Jioni nasukuma toroli la mashuka, mgeni wa chumba namba 14, mama wa makamo, akanisimamisha barazani. Katika yote aliyosema nilidaka «turn down» na neno la chumba.

«Turn down» nilikuwa nalo tangu skuli. Mwalimu alitutolea mfano wa msichana aliyeletewa posa akaikataa. Darasa zima lilicheka, na ndiyo maana halikunitoka. Basi nikakimbilia mapokezi.

«Kaka, mgeni wa 14 amekikataa chumba!»

Hapo ikawa purukushani. Kaka wa mapokezi akatafuta chumba kingine, meneja akaenda mwenyewe kuomba radhi na sahani ya mapapai mkononi. Mimi nilibaki nyuma ya mlango, najiuliza ni unywele gani nilioacha bafuni. Yule mama alitukodolea macho. Mwisho akanyoosha kidole: kitanda.

Bi Mkubwa wa zamu akanishika mkono. «Njoo mwanangu. Huyu hajakataa kitu, anataka kulala.»

Akaondoa mito ya mapambo. Akashika pembe ya shuka la juu, akaikunja kwa pembetatu, upande wa taa. Akateremsha chandarua, akachomeka pindo lake chini ya godoro pande tatu, ule wa nne akauacha wazi. Taa kubwa akaizima.

«Hapo hutandiki, wala hutandui. Unamfungulia njia tu.»

Sisi kazi ya kubadili maana tunaifanya kwenye mkia wa kitenzi: tanda, tandika, tandua, na sikio linasikia tofauti. Mwingereza anakiacha kitenzi vilevile, anakibandika kijineno, kisha hichohicho kinakataa posa na kukunja shuka. Mpaka leo naona ni ubahili.

Siku ya tatu jirani wa yule mama akafungulia muziki hadi madirisha yanatetema. Mama akanijia tena: «turn down». Safari hii sikukimbia. Nikamwonesha kwa ishara kwamba sijaelewa. Akanyoosha kiganja hewani, akakishusha taratibu, kama anayembembeleza mtoto alale.