Hapaliwi tena

Neno la Shangazi halijanitoka tangu Jumatatu. Harusi ya kina Nuru imepita salama, umeme umekatika na kurudi, kazini wametangaza uhamisho ambao wengine wameulilia, na mimi bado niko pale pale ghorofani kwa Ami aliyepigwa na kiharusi, Shangazi dadake kashika bakuli la uji ananitazama.

"Mwanangu, kakangu hapaliwi tena. Alhamdulillahi."

"Shangazi, huku kutokohoa ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi."

"Ala! Akikohoa mgonjwa, asipokohoa mgonjwa. Basi atakuwa mzima lini?"

Hakulisema kwa hasira. Lingekuwa la hasira lingeniuma saa moja likapita. Alilisema kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu ambacho tayari anajua hatakimudu, na ndiyo maana usiku nalisikia tena, na kila nikilijibu nalijibu upya.

Atakuwa mzima lini? Nianze na koo lenyewe. Mtu akimeza, ulimi husukuma tonge nyuma, kaakaa laini hupanda likaziba njia ya pua, zoloto, kile kinundu cha mbele ya shingo, hupanda juu na mbele, nyuzi za sauti hujifunga, kidakatonge, kifuniko cha zoloto, huinama juu yake, pumzi husimama, kisha mlango wa umio, njia ya chakula, hufunguka. Yote hayo ni kazi ya kama sekunde moja. Kiharusi huuvuruga mpangilio huo ukachelewa, na kwa kuwa maji yana mbio kuliko tonge lolote, hufika kabla njia ya hewa haijafungwa. Mwenye hisia zake kamili hukohoa papo hapo. Lakini kiharusi hicho hicho chaweza kufisha hisia ya koo, na hapo maji hupenya katikati ya nyuzi za sauti yakateremka mapafuni, mtu katulia kimya, hata macho hayamlengi machozi. Kwenye picha ya eksirei ya kumeza, ile ya kunywa bariamu, majimaji yanayoonekana kwenye eksirei, utaona mstari mweusi mwembamba ukishuka mbele ya shingo, na mgonjwa anangoja kijiko kinachofuata.

Kwa hiyo mtu aliyekuwa akipaliwa akanyamaza, ama kapona, ama koo halisikii. Ukimtazama kwa nje, hali hizo mbili hazitofautiki. Na kupona kupo, Shangazi! Karibu nusu ya wanaopigwa na kiharusi hupata shida ya kumeza siku za mwanzo, na wengi wao hurudi sawa katika wiki chache. Simkatishi tamaa. Ninachokataa ni kuufanya ukimya kuwa kipimo.

Vipimo vya nyumbani vipo, havihitaji mashine. Baada ya kijiko cha kunywa, mwambie aseme "aaa" ndefu. Sauti ikiwa na majimaji, kama anagogomoa, kuna kitu kimebaki juu ya nyuzi za sauti. Tazama homa ndogo ndogo zisizo na sababu, kohozi linaloongezeka, nguo zinazopwaya, mlo unaozidi nusu saa. Fungua kinywa uangalie shavu la upande uliolegea, kwa Ami ni la kushoto. Mara nyingi wali umejikusanya hapo, na akijilaza tu unateremka.

Kuna jaribio la maji la mililita 90: mgonjwa anywe mfululizo bila kusimama, kisha asikilizwe. Akikohoa, akikatiza, au sauti ikibadilika, hakupita. Jaribio hili ni kali, huwaangusha hata baadhi ya wasio na shida, lakini wenye shida huwapitisha kwa nadra mno. Si la kufanywa na jirani kitandani kwa mtu ambaye tayari anasinzia au ana homa.

Linaloniuma hasa ni kijiko. Shangazi humlisha mwenyewe, kwa mapenzi, kijiko juu ya kijiko, Ami kaegemea mito nusu kalala. Mwaka 1998 Susan Langmore na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti uliofuatilia wazee 189 kujua nani hupata nimonia ya kuvuta chakula mapafuni. Kumeza vibaya peke yake hakukutosha. Lililojitokeza kwa nguvu ni kulishwa na mtu mwingine. Anayelishwa hapangi mwendo wake, kijiko humfika kabla hajawa tayari. Halafu kusafishwa kinywa na mtu mwingine, na meno mabovu. Maana kinachoingia mapafuni si maji matupu, ni maji yaliyobeba vijidudu vya kinywani.

Basi nimesema, na nasema tena: akae kitako kwenye kiti chenye mgongo, wima kabisa, miguu ikanyage chini, na abaki hivyo nusu saa baada ya kula. Kijiko kiwe cha chai, na akishike Ami kwa mkono wake wa kulia, Shangazi ashike kiwiko tu. Asiongezewe mpaka zoloto lionekane limepanda na kushuka. Redio izimwe, mazungumzo yangoje. Dawa zipite moja moja ndani ya uji, na za kuyeyuka polepole zisipondwe. Kinywa kisafishwe baada ya kila mlo, meno, fizi na ulimi, kwa mswaki wenye unyevu tu, mate na povu yafutwe kwa kitambaa badala ya kumsukutulisha. Huko Japani, katika nyumba za wazee, waliosafishwa vinywa namna hii walipata nimonia kidogo kuliko wenzao. Utafiti huo ulitoka mwaka 1999. Hakuna dawa rahisi kuliko hiyo.

Jana jioni mambo yakageuka. Swaleh, mjukuu, alikuja na bomba la sindano la mililita 10 akitaka kupima uji kama alivyosikia nikieleza. Ami alipangiwa vinywaji vya ngazi ya 2 katika IDDSI, mfumo wa kimataifa wa kupanga uzito wa vinywaji na vyakula, unaokwenda 0 hadi 7. Swaleh akapima kwanza kwa rula kutoka alama ya sifuri hadi ya 10: milimita 61.5, maana mabomba hayalingani na jingine litakudanganya. Akatoa mchi, akaziba tundu kwa kidole, akajaza uji uliochujwa madonge hadi 10, akaachia, Shangazi kashika simu anahesabu sekunde 10. Akaziba. Zilibaki kama mililita 6. Kati ya 4 na 8 ni ngazi ya 2, sawasawa. Pungufu ya hapo, hadi 1, ni ngazi ya 1, na 8 kwenda juu bila kufika 10 ni ya 3. Upimwe ukiwa na joto lile lile la kunywewa, kwani uji ukipoa huganda.

Kisha akapima uliobaki bakulini Ami alipomaliza. Ilibaki mililita 2. Shangazi akashangaa, nani katia maji? Hakuna. Ni mate. Kijiko kikitoka kinywani kikarudi bakulini hupeleka kimeng'enya cha mate kinachovunja wanga, na uji wa unga hulainika ukawa maji mlo ukiendelea. Dawa: mimina kidogo kidogo kwenye kikombe kingine, bakuli kuu lisiguswe. Unga maalumu wa kuongeza uzito, uitwao zanthani, hauvunjwi na mate, lakini bei yake na kuupata hapa kisiwani Amu ni habari nyingine.

Ami akaambiwa aseme "aaa". Shangazi akainamisha sikio, akanitazama. "Hii sauti ina maji." Nilifurahi nikashindwa kulificha. Amekubali wavuke bara kwa Mokowe, Ami akapigwe picha ile ya kumeza.

Binamu wa Muscat naye kaniletea video ya mashine ya kusisimua koo kwa umeme. Jaribio lililotoka mwaka 2016, wagonjwa 162 wa kiharusi, halikuona faida. Lile la mwaka 2018, kwa waliowekewa mrija wa kupumulia shingoni, liliona faida kubwa. Ami hana mrija. Pesa hizo ziende kwenye nauli.

Na asinyimwe kunywa kwa joto hili. Katika utafiti mkubwa wa mwaka 2008, wagonjwa 515 wa Parkinson au wa kusahau, vinywaji vizito havikuonyesha kushinda kuinamisha kidevu wakati wa kumeza katika kuzuia nimonia kwa miezi mitatu, na waliovinywa walikaukiwa maji zaidi. Ami si mgonjwa wa aina hiyo, lakini mkojo wake ukiwa na rangi ya chai niambiwe siku hiyo hiyo.