Vua Mpini Kwanza: Nilivyojifunza Panga za Kijapani

Upanga wangu wa kwanza wa Kijapani ulitengenezwa China, na pengine mwaka ule ule nilioununua. Nililipa dola 350.

Niliuona kwenye soko la vitu vikuukuu kando ya barabara kuu, Ohio, Marekani, nikiwa nimeegesha lori nasubiri zamu ya kupakia. Muuzaji alisema babu yake aliutoa Okinawa mwaka 1945. Mpini umefungwa uzi wa kahawia, ala ya kijani ya kijeshi, na kwenye bapa mstari mweupe wa mawimbi unameremeta. Mimi mtoto wa Wete, Pemba, nilichokuwa nakijua ni panga la kufyekea na jambia la sherehe. Nikaamini. Mjomba wa mama alikuwa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, na alipigana na Wajapani Burma, lakini yeye alirudi na blanketi la jeshi na malaria, kwa hiyo nyumbani hapakuwa na upanga wa kulinganishia.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja wa Columbus, mkusanyaji wa miaka mingi. Nilimpelekea kwa kujigamba. Hata bapa hakulitazama. Akauliza tu, "Umeshauvua mpini?" Nikadhani ananitania, nani anavua mpini wa upanga?

Kumbe unavuliwa. Mpini wa Kijapani haugundishwi, unashikwa na kijiti cha mwanzi kiitwacho mekugi, kinachopenya tundu la mpini na tundu la chuma kilichomo ndani. Kijiti hicho kina upande mwembamba na upande mnene. Unakigonga kutoka upande mwembamba kwa nyundo ndogo ya shaba hadi kitoke. Kisha unausimamisha upanga, unashika mwisho wa mpini kwa mkono wa kushoto, na kwa ngumi ya kulia unagonga kifundo cha mkono huo huo wa kushoto. Taratibu. Kila pigo linalichezesha bapa kidogo hadi linajitoa lenyewe. Mara ya kwanza moyo unakwenda mbio, maana juu yako kuna chuma chenye makali kama wembe wa kinyozi.

Chuma kile cha ndani ya mpini kinaitwa nakago, na ndicho chenye habari zote. Cha kwangu kilikuwa cheupe chini ya rangi nyeusi iliyopakwa juu, ambayo ilibaki kwenye kidole. Herufi zilikuwa zimekwaruzwa kama kwa mashine ya kusagia chuma. Mzee alizisoma mara mbili akasema hazina maana yoyote. Ule mstari wa mawimbi nao ulikuwa kazi ya brashi ya waya na asidi. Mstari huo huitwa hamon, na ya kweli haichorwi: fundi hulipaka bapa udongo, mnene mgongoni na mwembamba kwenye makali, akalitia moto, kisha akalichovya majini. Makali yakipoa haraka huwa magumu, mgongo ukichelewa hubaki laini, na mpaka wa hivyo viwili ndio mstari wenyewe.

Nilirudi nyumbani nikaanza na herufi. Sikujifunza Kijapani, nilijifunza tarehe. Moja ni mstari mmoja, mbili ni miwili, tatu ni mitatu, kumi ni msalaba. Ukiziona herufi mbili za Showa, enzi ya mfalme Hirohito, juu na namba chini yake, jumlisha 1925 unapata mwaka. Showa 17 ni 1942. Halafu nikajifunza herufi ya Kane, kwa sababu mafundi wengi wa Seki, mji wa wahunzi katika mkoa wa Gifu, majina yao huanza hivyo.

Upanga wa pili ulikuwa halali kabisa: wa ofisa wa jeshi la nchi kavu, Showa 17, muhuri mdogo wa Seki kwenye nakago. Mihuri ya namna hiyo, kwa kawaida, ni ya bapa la wakati wa vita lisilofuliwa kwa njia ya kale. Mengi yalipozwa kwa mafuta badala ya maji. Mafundi waliokubaliwa na jeshi kufua kwa chuma cha asili, tamahagane, wao muhuri wao ni nyota. Wangu haukuwa na nyota, lakini ulikuwa wangu na ulikuwa wa kweli. Nakago ilikuwa imejaa kutu. Jumamosi moja, kwa furaha tu, nikachukua stili waya ya kusugulia masufuria nikaisugua hadi ikang'aa kama sinia la shaba siku ya arusi.

Mzee alipoiona alikaa kitini. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Akaniambia kutu ya nakago haiguswi kamwe. Rangi yake ndiyo inayosema umri: nyekundu ya juzi, kahawia ya miaka ya vita, nyeusi tii iliyoganda kwa karne. Ukiisugua umechana cheti, na mnunuzi yeyote anayejua atakurudishia upanga wako. Bado ninao. Siuuzi, naona aibu.

Maofisa walijinunulia panga zao, ndiyo maana ndani ya ala ileile ya jeshi unaweza kukuta bapa la kiwandani, au kazi ya mkono ya fundi mzuri, au bapa la mababu lililotolewa ukutani likavalishwa mpini wa kijeshi. Sajini na wenzake walipewa za serikali, zile za muundo wa mwaka 1935: mpini wa alumini uliomiminwa na kupakwa rangi ufanane na uliofungwa uzi, na namba imegongwa kwenye bapa. Wakusanyaji wengi wanazidharau. Mimi ninayo moja na naipenda, haijifanyi kitu isichokuwa.

Wa tatu niliupata kwenye gereji ya familia moja Indiana. Ala imevishwa ngozi, imepasuka, ina harufu ya panya. Safari hii sikutazama mawimbi. Niliomba ruhusa, nikavua mpini palepale juu ya friji mbovu. Nakago nyeusi tii. Matundu mawili, wakati upanga mpya huhitaji moja tu, na mwisho umekatwa. Jina halipo. Nililipa bila kubishana bei, nikaendesha kwa muda wa saa tatu hadi kwa mzee.

Akageuza, akageuza, kimya. Mwishowe akaniambia bapa hili lilikuwa refu zaidi, likafupishwa kwa kukatwa kutoka chini, ndiyo maana jina limekwenda na tundu jipya likatobolewa. Alilikadiria kuwa la enzi ya Edo, kati ya 1603 na 1868. Akazima taa zote akaacha balbu moja. Mstari hauonekani vizuri kwenye mwanga wa dari. Unaelekeza ncha kwenye balbu, unaliweka bapa karibu usawa wa jicho, unalitikisa kidogo kidogo. Vikatokea vichwa vidogo vya mviringo kwenye vishingo vyembamba, vimesongamana makali mazima.

"Choji," akasema. "Ni kiungo fulani, sijui kwenu mnakiitaje." Akachukua chupa ya mafuta ya kupaka bapa, mafuta ya choji vilevile, akaifungua chini ya pua yangu.

Karafuu! Nusu niangushe upanga. Utoto wangu wote uko kwenye harufu ile, majamvi ya baba yaliyoanikwa karafuu mbele ya nyumba, zimeshachambuliwa makonyo, vile vijiti vyake, na Wajapani wanaipaka kwenye panga tangu zamani.

Kuupeleka kwa msuguaji aliyefundishwa kazi kutanigharimu zaidi ya bei niliyoununulia, na baada ya hapo kuna cheti cha NBTHK, chama cha Tokyo cha kuhifadhi panga za sanaa za Kijapani. Naweka akiba. Kwa fundi wa mtaani mwenye mashine siupeleki, nimeona mapanga ya karne tatu yakiuawa kwa nusu saa.

Usiku ule nilimtumia mama picha ya hamon, nikamweleza kwamba Wajapani wanauita mstari ule karafuu. Ikapita dakika kadhaa. Kisha sauti yake kwenye simu: "Nimeziona, mwanangu. Lakini mbona hawakuchambua makonyo?"