Aliyeona Asipite Kando

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno letu la juma hili linatoka Luka 10:33: "Lakini, Msamaria mmoja katika kusafiri kwake alifika hapo alipo, na alipomwona alimhurumia."

Habari hii tumeisikia tangu shule ya Jumapili, na pengine ndiyo sababu tunaipita haraka. Naomba tukumbuke kwamba wote watatu waliona. Kuhani alimwona yule mtu aliyepigwa na wanyang'anyi, akapita kando. Mlawi naye alifika pale pale, akamwona, akapita. Hakuna hata mmoja wao angeweza kujitetea mbele za Mungu kwamba hakuwa na habari. Msamaria aliyaona majeraha yaleyale, kwenye barabara ileile ya kushuka Yeriko, yenye hatari zilezile. Alichowazidi wenzake alikuwa nacho moyoni kabla hajafika pale. Huyu ni mtu ambaye Wayahudi hawakuchangamana naye. Alijua maana ya kutazamwa na kupitwa. Maandiko hayasemi hivyo waziwazi, lakini mimi naamini kwamba ujuzi huo ulichangia kumshusha kwenye mnyama wake.

Siku hizi nimekuwa nikilisoma andiko hili nikiwa na mtu mmoja moyoni. Anaitwa Terry George, mwandishi na mwongozaji wa filamu, mzaliwa wa Belfast, Ireland ya Kaskazini, aliyehamia Marekani. Wengi wetu tumeiona kazi yake bila kulijua jina lake. Ndiye aliyeiongoza Hotel Rwanda, na ndiye aliyeiandika pamoja na Keir Pearson.

George alizaliwa mwaka 1952 katika mji ambao watu walimkiri Kristo mmoja siku ya Jumapili, kisha wakarudi kwenye mitaa ambayo Mkatoliki na Mprotestanti hawakukaa pamoja. Vurugu zilipolipuka mwishoni mwa miaka ya 1960 zilidumu kwa takriban miaka 30 na kuua watu zaidi ya 3,500. Kijana huyu wa upande wa Wakatoliki aliingia katika siasa za waliotaka Ireland iwe jamhuri moja. Mwaka 1975 alikamatwa akiwa kwenye gari pamoja na watu wenye silaha, akahukumiwa miaka 6, akafungwa katika gereza la Long Kesh hadi 1978. Sitaki kulipamba jambo hili. Silaha ni silaha, na zaidi ya nusu ya waliokufa katika mgogoro ule walikuwa raia wa kawaida.

Mwaka 1981 akahamia New York na mkewe na binti yao mdogo. Hakuwa na makaratasi. Wapendwa wetu walio ughaibuni wanaielewa hali hiyo pasipo mimi kuieleza: unafanya kazi yoyote inayopatikana, na ukisikia mlango unagongwa moyo unaruka. Baadaye alipata kazi katika jarida la New York, kazi ya kuhakiki taarifa zilizoandikwa na wengine kabla hazijachapishwa. Usiku akaandika vya kwake.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa tamthilia kuhusu wafungwa wa Long Kesh waliochimba njia chini ya ardhi ili watoroke. Hilo ni jambo la kawaida, mtu huanza na kidonda chake. Tamthilia hiyo ilichezwa katika kituo cha sanaa cha Waairishi pale New York, na hapo akawa karibu na Jim Sheridan, Mwairishi mwenzake kutoka Dublin. Ushirikiano wao ulizaa In the Name of the Father, filamu ya mwaka 1993 iliyoteuliwa kuwania tuzo 7 za Oscar, mojawapo kwa ajili ya maandishi yao wawili.

Hapa naomba tukae kidogo. Filamu hiyo inahusu Gerry Conlon, kijana wa Belfast aliyehukumiwa kifungo cha maisha pamoja na wenzake watatu kwa mabomu yaliyolipuliwa kwenye baa za Guildford, Uingereza, mwezi Oktoba 1974. Hawakuhusika. Baba yake, Giuseppe, mtu mgonjwa wa mapafu na mcha Mungu, alisafiri kwenda London kumtafutia mwanawe wakili. Akakamatwa na yeye, akafungwa na yeye. Mwaka 1980 alifariki akiwa bado mfungwa. Hukumu ya mwanawe ilifutwa 1989, baada ya miaka 15, na ya kwake 1991, miaka 11 tangu azikwe. Filamu imewaweka baba na mwana katika seli moja, ingawa maishani haikuwa hivyo, na wapo waliowalaumu waandishi kwa hilo. Nadhani lawama hiyo ina haki yake. Lakini kiini cha habari ni kweli tupu: baba alikwenda kumsaidia mwanawe, akabeba adhabu isiyokuwa yake. Sisi tunaomkiri Mwokozi aliyehesabiwa pamoja na wakosaji hatuwezi kuisikia habari ya Giuseppe Conlon tukabaki vilevile.

Miaka mitatu baadaye George aliongoza filamu yake ya kwanza, Some Mother's Son, kuhusu mgomo wa kula wa wafungwa wa Ireland ya Kaskazini mwaka 1981, uliochukua maisha ya wanaume 10. Mtu aliyepata kukaa katika gereza lilelile angetarajiwa kusimulia habari ya wafungwa. Yeye aliwafuata mama zao. Katika hadithi hiyo mama mmoja, Kathleen, haafiki njia za mwanawe hata kidogo, na mwisho anatia saini karatasi za kumwokoa mwanawe asife. Naona hapo moyo ukianza kutoka gerezani. Aliyefungwa alianza kumwona aliyebaki nje akilia.

Maana, wapendwa, maumivu hayampanui kila mtu. Tusidanganyane. Mara nyingi hutufunga. Katika makanisa yetu tunao watu walioumizwa kweli, na tangu siku hiyo hawasikii kilio kingine chochote isipokuwa cha kwao. Ukiwaeleza msiba wako wanakujibu kwa msiba wao. Mungu aliwaambia Israeli katika Kutoka 23:9 wasimwonee mgeni kwa sababu wao wenyewe waliijua hali ya mgeni, walipokuwa Misri. Asingewaamuru kama lingekuwa jambo linalokuja lenyewe. Inawezekana kabisa mtu atoke utumwani akiwa na hasira tu.

Sasa Rwanda. Sisi wa kanda hii hatukuhitaji sinema kutueleza habari za 1994. Mwishoni mwa Aprili mwaka ule watu kwa malaki walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, na katika umati huo walikuwamo wakimbizi wasio na hatia pamoja na wenye damu mikononi. Mto Kagera ulishusha maiti hadi Ziwa Victoria, na kule Kasensero, Uganda, wavuvi na wanavijiji ndio waliowatoa majini na kuwazika watu wasiowajua kwa jina. Dunia nzima iliona. Tarehe 21 Aprili, mauaji yakiwa yamepamba moto, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliamua kukipunguza kikosi chake Rwanda kibaki na watu 270. Hapo ndipo kuhani na Mlawi wanapotokea tena barabarani. Na kwa aibu yetu tulioitwa kwa jina la Kristo, wako makuhani ambao hawakupita kando tu. Watu walikimbilia makanisani Nyamata, Ntarama na Nyarubuye wakauawa humo humo, na mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani hata baadhi ya watumishi wa madhabahuni. Tunapaswa kulisema hili sisi wenyewe, bila kungoja watu wa nje watuambie.

George alikwenda Rwanda na Paul Rusesabagina, meneja aliyekuwa katika Hôtel des Mille Collines, Kigali, ambako Watutsi na Wahutu 1,268 walijihifadhi wakasalimika. Filamu ikatoka 2004. Alitaka hata vijana wadogo waruhusiwe kuitazama, kwa hiyo hakujaza damu kwenye skrini. Kuna kipande ambapo gari linapita kwenye ukungu alfajiri, njia inakuwa na mashimo yasiyoeleweka, gari linasimamishwa, Paul anashuka, na hapo tunagundua kwamba si mashimo, ni miili ya watu.

Kipande kinachonihukumu ni kingine. Mpiga picha wa kizungu amepiga picha za mauaji. Paul anamshukuru, akiamini kwamba ulimwengu ukiziona utakuja kuokoa. Mpiga picha anamjibu kwamba watu wataziona, watasema ni jambo la kutisha, kisha wataendelea na chakula chao cha jioni. Mimi nimekula chakula hicho. Nimekula nikitazama habari za Goma na za Darfur, nikasema "Mungu awasaidie," nikaomba nipitishiwe chumvi. Kuhani aliona vilevile.

Lazima niongeze neno hapa ili nisiwapotoshe. Baadhi ya manusura waliokuwa ndani ya hoteli ile wamesema filamu ilimkuza Rusesabagina kupita ukweli, na kwamba walitozwa pesa ili kukaa pale. Baadaye aligeuka kuwa mpinzani wa serikali ya Kigali. Mwaka 2021 mahakama ya Rwanda ilimhukumu miaka 25 kwa makosa ya ugaidi, katika kesi ambayo wengi nje ya Rwanda walisema haikuwa ya haki, na 2023 aliachiwa huru akarudi Marekani. Ushuhuda wa manusura una uzito kuliko filamu yoyote, nami nausikiliza. Ndiyo maana nasema tusiwe wepesi wa kutengeneza watakatifu kutokana na watu tuliowaona kwa saa mbili kwenye skrini. Yesu hakutupa jina la Msamaria. Hakutueleza aliishije baada ya kumlipa mwenye nyumba ya wageni dinari zile mbili. Alitupa tendo, akasema, "Enenda zako, nawe ukafanye vivyo hivyo."

Kazi ya George haikuishia hapo. The Promise, ya mwaka 2016, ilisimulia mauaji ya Waarmenia yaliyoanza 1915 katika milki ya Kituruki, jambo ambalo studio kubwa zilikuwa zimeliogopa kwa miongo mingi. Fedha zilitoka kwa Kirk Kerkorian, tajiri wa Marekani mwenye asili ya Kiarmenia. Aliaga dunia 2015, hakuiona ikitoka. Filamu ilianguka sokoni. Haikurudisha hata robo ya gharama zake. Kwa hesabu za Hollywood hiyo ni hasara, na sina namna ya kuifanya iitwe faida. Lakini Mithali 31:8 haikuweka sharti la mapato iliposema, "Fumbua kinywa chako kwa ajili yake aliye bubu, uwatetee watu wote walioachwa peke yao."

Ninayoipenda kuliko zote ni fupi, yapata nusu saa tu, inaitwa The Shore. Aliifanya na binti yake Oorlagh, yule yule aliyehama naye akiwa mtoto, na wakaipigia picha kwenye pwani ya County Down, nyumbani kwao Ireland ya Kaskazini. Joe amekaa Marekani miaka 25. Anarudi na binti yake. Kuna rafiki wa utotoni, Paddy, ambaye hajazungumza naye muda wote huo, na kuna mwanamke waliyempenda wote wawili. Joe anamfuata Paddy ufukweni anakookota kome, na Paddy anatimua mbio, akidhani ni mkaguzi wa serikali anayewasaka wanaopokea posho ya wasio na kazi huku wakifanya kibarua. Watu wawili wazima, mmoja anakimbia, mwingine anamfuata. Walipokuja kukaa na kuzungumza ikaonekana kwamba kila mmoja alijihesabu yeye ndiye mkosaji. Miaka 25 kila mmoja aliogopa hasira ambayo mwenzake hakuwa nayo.

Filamu hiyo ilipata Oscar mwezi Februari 2012, na George aliitoa kwa watu wa Ireland ya Kaskazini, Waprotestanti na Wakatoliki kwa pamoja, waliokaa chini wakapatana baada ya miaka 30 ya vita. Mfungwa wa zamani wa upande mmoja aliwataja wote kwa pumzi moja.

Najua wapo wanaosoma hapa wenye Paddy wao. Ni ndugu wa tumbo moja mliyeachana kwenye msiba wa baba kwa sababu ya shamba, au mwimbaji mwenzako wa kwaya, au mchungaji uliyeondoka kanisani kwake pasipo kumuaga. Bwana amesema iache sadaka yako mbele ya madhabahu, "upatane kwanza na ndugu yako." Piga simu juma hili. Asipopokea, mtumie ujumbe. Na kama katika ushirika wako wako wapendwa kutoka Burundi, Rwanda au Kongo ambao umekuwa ukiwasalimia mlangoni tu kwa miaka, nenda ukakae nao, uwaulize habari za kwao, na uwe na muda wa kusikiliza hadi mwisho.

Tuombe.

Baba, uliisikia sauti ya damu ya Abeli kutoka katika ardhi, na umeisikia ya Nyamata, ya Belfast na ya Waarmenia. Utusamehe tulioona tukaendelea kula. Wafariji manusura ambao mwezi wa Aprili huwarudishia yote upya. Walinde walio nchi za watu bila makaratasi, wapate kazi ya halali na watu wa kuwakaribisha. Uwape waandishi na wasanii wetu ujasiri wa kusema kweli, na unyenyekevu wa kusahihishwa. Na jina lile ulilolileta moyoni mwa kila mmoja wetu wakati tukisoma, utupe nguvu ya kulitafuta kwenye simu leo, kabla jua halijazama. Kwa jina la Yesu Kristo.

Amina.