Siku moja maishani mwangu: mayai ya chura na jeni za kale

Saa 1 asubuhi niko Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, nikilisha vyura. Ni Xenopus borealis, chura wa majini aliyeelezwa kisayansi mwaka 1936 kutoka Marsabit. Hana ulimi, kwa hiyo husukuma ini mdomoni kwa vidole vya mikono.

Saa 3: kuosha vyombo, kupima dawa, kujaza daftari.

Saa 4 nakaa kwenye hadubini, na hapa ndipo roho yangu ilipo. Yai changa huwa angavu, bado halijajaa akiba ya chakula. Kando ya kiini chake kuna wingu dogo la mitokondria, vinu vya nishati vya seli, na humo zimo RNA, yaani nakala za ujumbe, za jeni za uzazi kama nanos na dazl. Yai likikua, wingu hushuka upande wa chini. Baada ya yai kurutubishwa, seli chache zitakazorithi ute wa wingu hilo ndizo zitakazozaa mayai na manii ya kizazi kijacho. Nilimwita mwanafunzi wa mwaka wa tatu achungulie.

“Dada, kumbe wajukuu wameandaliwa kabla mama hajakutana na dume?”

Ndiyo, hasa hivyo.

Saa 7, chapati na maharagwe, mjadala ukaendelea. Panya hana ute huo, wala aksoloti, salamanda wa Meksiko; seli zao za uzazi huteuliwa baadaye, kwa ishara za seli jirani. Mimi nashikilia kwamba njia ya ishara ndiyo ya zamani, vyura wakabuni yao. Ila jeni zenyewe ni za kale mno: mwaka 1998 watafiti walitia dazl ya chura katika nzi wa matunda wasio na boule, jeni yao iliyo ndugu ya dazl, na seli za manii zilizokuwa zimekwama zikaanza tena kugawanyika. Nzi na chura walitengana zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita!

Mchana kutwa ni kompyuta. Xenopus tropicalis, jamaa wa vyura wangu, ana kromosomu 20; borealis na jamaa mwingine, Xenopus laevis, wana 36, kwa sababu jenomu (DNA yote) ya wazee wao iliongezeka maradufu. Jenomu ya laevis, iliyochapishwa 2016, ilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 56 ya jeni zimebaki na nakala zote mbili. Nataka kujua kama nakala za borealis zinabadilika kwa kasi moja.

Saa 11 Prof. alipita, akatazama, akasema: “Mama, weka na aksoloti.” Ana haki. Bila aksoloti, mnyama wa kulinganisha asiye chura, sitajua ni nakala ipi iliyobadilika, kwa hiyo kesho naanza naye.