Nilivyopata nafasi ya masters ya akchuaria bila kuandika kwamba napenda namba

Ushauri mbovu niliopewa kuhusu hii masters ya akchuaria, yaani hesabu za bima na pensheni, ungejaza Fuso. Fanya MBA, utapanda cheo haraka. Fanya CPA, hiyo akchuaria nani anaijua hapa Mbeya. Bosi wangu wa saccos aliniuliza kama nikimaliza ntakuwa nauza bima za magari pale Mafiati, na alikuwa anauliza kwa huruma kabisa. Mjomba akasema soma kitu ambacho mtu akikisikia msibani anaelewa.

Waliokuwa na hoja ni wale niliosoma nao UDSM. Wao walisema masters ya nini, piga mitihani ya bodi uondoke. Na ni kweli bwana, masters haikufanyi kuwa akchuari kamili hata uwe nazo tatu, cheo kinatoka kwenye mitihani ya vyama, IFoA ya Uingereza au SOA ya Marekani, na waajiri wengi wanakuuliza umepita mingapi. Mi CS1, mtihani wa takwimu wa IFoA, nimeufanya, ile sehemu ya pili unaandika R, lugha ya takwimu, kwenye kompyuta, na nimepita nikiwa hapa hapa Mbeya na umeme wetu huu, acha nijisifu kidogo. Ada yake ni kwa pauni, inauma, ila wana punguzo kwa wenye kipato kidogo, ombeni msione aibu. Kwa hiyo kama digrii yako ya kwanza ni ya akchuaria na unachotaka ni kazi, masters inaweza kuwa unazunguka tu. Kama ulisoma hesabu tupu au takwimu hapo sawa, kuna masters kama ya Heriot-Watt kule Edinburgh ukifaulu vizuri unasamehewa baadhi ya mitihani. Mi sikuwa huku wala kule. Mi nilikuwa na maswali yananiwasha, na la kwanza lililetwa na shangazi.

Shangazi ni mwalimu mstaafu, na mnajua mwalimu mstaafu ukimtajia kikokotoo, ile kanuni ya kupigia hesabu ya mafao ya kustaafu, chai inapoa. Siku hiyo kaja na karatasi yake kapiga mistari kwa rula. Chukua mwalimu wa miezi 396 kazini, mshahara wa wastani milioni moja kwa mwezi. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF, ule mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, miezi gawanya kwa 540, mara mshahara wa mwaka, mkupuo nusu, mara 15.5, anaondoka na milioni 68 na kidogo. Kwa ile ya 2022, gawanya kwa 580, mkupuo asilimia 33, mara 12.5, milioni 33 na kitu. Pensheni ya mwezi inapanda kweli, kutoka kama laki tatu na sitini na saba hadi laki nne na hamsini na saba, lakini nani anajenga kwa laki tisini za ziada. Sorry, elfu tisini, hata mi nachanganyikiwa. Baadaye mwaka 2024 wakapandisha mkupuo wa waliokuwa na nusu kuwa asilimia 40, kwa mfano huu inafika kama milioni 41.

Mi nikaona hapa ndo pa kung'aa. Nikamweleza kwamba ile 12.5 ni ya kugeuza hela ya kila mwaka kuwa ya mkupuo, inategemea watu wanaishi muda gani baada ya kustaafu na riba ya uwekezaji, na kwamba mambo haya siyo ya leo, mwaka 1693 Edmond Halley, yule wa nyota yenye mkia, alichukua orodha ya vifo ya mji wa Breslau akapiga hesabu ya bei ya pensheni ya maisha kwa kila umri, maana serikali ya Uingereza wakati ule ilikuwa inaziuza bei moja kwa kijana na kwa mzee. Shangazi kasikiliza vizuri tu. Afu akavua miwani. "Kwa hiyo mwanangu, 1693 wenzetu walishajua umri una bei. Sasa mbona mimi wa miaka 60 na mwenzangu aliyeondoka kwa hiari na 55 wote tunazidishiwa 12.5 hiyo hiyo?"

Nikasema ntakujibu kesho. Kesho haikufika. Nilijua majibu ya juu juu, kwamba mfuko ni wa kuchangiana, kwamba usawa wa mtu mmoja mmoja siyo lengo pekee, lakini kukaa chini nikaonyesha kwa hesabu nani anambeba nani na kwa shilingi ngapi, digrii yangu ilikuwa haifiki. Ndo nikaanza kutafuta vyuo, nikaishia Chuo Kikuu cha Nairobi, wana MSc ya akchuaria na ni karibu, basi linafika.

Wanataka barua ya kueleza kwa nini unataka kusoma. Hapa sasa. Kuna jamaa ana stationery pale Kabwe anasifika kwa kutengeneza barua za maombi, watu wanamlipa vizuri, na mi nikamlipa, kama hela ya viroba viwili vya mchele wa Kyela hivi. Barua ilitoka inang'aa! Tangu utotoni nimekuwa na mapenzi makubwa na namba. Nina ndoto ya kuchangia maendeleo ya taifa. Nilituma chuo kimoja (sio huko Nairobi) wakanikataa kwa mistari miwili. Nikaja kugundua binti mwingine wa saccos yetu alitumia barua ile ile kuombea masters ya lishe, naye tangu utotoni alikuwa na mapenzi makubwa na vyakula.

Barua iliyonipeleka niliitoa kwenye kaunta buku la kikundi cha kufa na kuzikana, kwetu Tukuyu. Mama ni mwanachama. Katibu ni mzee mmoja makini ajabu, kila msiba kaandika tarehe, jina, hela iliyotolewa, tangu enzi hizo. Wanachama kama 200, kila mmoja elfu moja kwa mwezi, ukifiwa au ukifa familia inapewa laki tano. Mweka hazina anasema wastani ni vifo vinne kwa mwaka, michango milioni 2.4, tunatoa milioni 2, tunabakiza laki nne, tuko vizuri. Ila kila baada ya muda kikundi kinakauka wanaanza kulaumiana nani kala.

Nikaomba mkutano nikusanye umri wa kila mtu. Nimesimama na daftari langu, mwanamke mmoja wa mjini na kalamu mbele ya wazee wa kikundi cha mazishi, nauliza kila mtu ana miaka mingapi. Pakawa kimya. Mwenyekiti akaniuliza, "Binti, unataka kujua nani anafuata?" Wakacheka, lakini umri sikupewa. Waliojibu nao, karibu wote wana 50 au 60 au 70, yaani Rungwe yote imezaliwa miaka inayoishia na sifuri.

Basi nikarudi wiki nyingine kwa mlango wa nyuma, nyumba kwa nyumba, bila daftari mkononi, na sikuuliza umri hata mara moja. Naamkia, ugonile, nakaa, tunaongea ndizi na mbolea, afu nauliza: vita ya Kagera ilikukuta umeshaolewa? Azimio la Arusha ulikuwa unachunga au uko shule? Sokoine anafariki 1984 mtoto wako wa kwanza alikuwa anatembea? Watu wanamwaga! Bibi mmoja aliyesema ana 60 kumbe uhuru ulimkuta anabeba maji ya kupikia kwenye sherehe. Waliokufa nikawapata kwa wadogo zao. Ndaga fijo kwa wote, na ndizi nilibebeshwa.

Nikakaa na hesabu. Wastani wa vifo vinne ni sawa, lakini kwa Poisson, kanuni ya kukadiria matukio yanayotokea kwa bahati, uwezekano wa kufika vitano au zaidi ni kama asilimia 37, na michango ya mwaka inalipa vinne tu. Saba au zaidi ni asilimia 11. Hakuna aliyekula hela jamani. Kulipa vifo saba kunataka milioni 3.5, kwa hiyo wakianza mwaka na akiba kama ya milioni 1.1, wanavuka salama karibu miaka 95 kwenye 100. Mweka hazina aliniomba niseme hiyo habari ya kutokula mara mbili.

Afu ndo nikaandika nisichokijua. Poisson inachukulia kwamba vifo havihusiani, coaster moja ikifeli breki mteremko wa Igawilo na wanakikundi watano ndani, hesabu yangu kwisha. Vijana hawajiungi, kikundi kinazeeka, hiyo nne haitabaki nne. Na data ya kikundi kidogo niiamini kiasi gani dhidi ya jedwali la vifo la taifa zima, kitu ambacho Bühlmann, mwanahesabu wa Uswisi, alikiandikia mwaka 1967 na mi chuo nilikisoma kwa kukariri usiku wa mtihani. Nikamalizia na swali la shangazi la 55 na 60. Ukurasa mmoja na nusu, neno ndoto halimo. Walinijibu na swali la jinsi nilivyokadiria umri, nikawaelezea Sokoine na wale watoto.

Mnaoniuliza mambo mengine: transkripti anza mapema, referii, yule wa kukuandikia barua ya mapendekezo, mtumie wewe pointi za kuandika maana ukimwachia anakusahau, bajeti ya kuanza weka milioni kadhaa nje ya ada kwa sababu chumba Nairobi kinataka deposit. Bosi wa saccos kanipa likizo bila malipo, na juzi kanipigia kuuliza mikopo ya wanachama waliofariki waitengee kiasi gani. Nimemwambia anitumie tarehe za kuzaliwa, za kwenye kitambulisho asiziamini sana.