Tandika Punda

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno la wiki hii ni 2 Wafalme 4:18–37. Naomba kila mmoja alisome lote nyumbani kabla hatujakutana Jumatano.

Mtoto alimfuata baba yake kwa wavunaji, akaanza kulia kichwa, kichwa. Akapelekwa kwa mama, akakaa magotini pake mpaka adhuhuri, akafa. Mama yule Mshunami, yaani mwanamke wa Shunemu, akamlaza kwenye kitanda cha nabii Elisha, akafunga mlango, akatandika punda kumwendea nabii huyo, na akamwagiza mtumishi asimpunguzie mwendo. Njiani akaulizwa kama mtoto hajambo. Akajibu hajambo! Salamu hiyo tunapeana kila asubuhi hapa Dodoma bila hata kuifikiria. Yeye aliitamka huku mwanawe amelala maiti nyumbani.

Siku hizi nikimsoma, namkumbuka pia Oksana Chusovitina wa Uzbekistan, mwanamke wa jimnastiki. Alipata dhahabu ya timu kwenye Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992, akiwa na miaka 17. Mchezo ule ni wa wasichana, wengi huuacha mapema. Yeye akaolewa, akazaa, akaendelea. Mwaka 2002 mwanawe, Alisher, akagundulika ana kansa ya damu. Matibabu yalipatikana Cologne, Ujerumani, kwa fedha nyingi. Makocha wa klabu ya huko wakampokea, watu wakachanga, na yeye akafanya kazi aliyoijua: akashindana palipokuwa na zawadi ya fedha.

Mtazame anavyoruka. Anapiga mbio kama mita 25, anakanyaga ubao unaomrusha juu, viganja vinagusa meza, mwili unajipindua na kujizungusha hewani, kisha miguu miwili inapokea uzito wote kwa kishindo kimoja. Ni sekunde chache tu, lakini magoti na visigino vinajua. Mwaka 2003 akawa bingwa wa dunia kwa mruko huo. Mwaka 2006 akaanza kuiwakilisha Ujerumani. Beijing 2008, akiwa na miaka 33, akapata medali ya fedha, na Alisher akapona. Tokyo, mwaka 2021, alikuwa na miaka 46 kwenye Olimpiki yake ya nane.

Wapendwa, tuna mama mmoja katikati yetu ambaye mwanawe anatibiwa ugonjwa wa aina hiyo. Usiku mmoja nilimkuta nje ya wodi, kanga imetandazwa sakafuni, anamenya karanga za Kongwa kwa mwanga wa simu. Kidole gumba kilikuwa kimechanika, amekifunga kitambaa. Asubuhi angezipima kwa kopo na kuziuza getini, kisha arudi kumwogesha mtoto. Nami nikamwambia yale tunayoambiana siku zote: mama, mwachie Mungu. Akaitikia amina, akaendelea kumenya.

Neno langu lile limeniuma wiki nzima. Nilimwambia kana kwamba kumenya karanga ni kukosa imani. Mshunami alimwachia Mungu akiwa juu ya punda, vumbi usoni. Elisha hakumkemea kwa haraka yake. Aliinuka akafuatana naye. Gehazi, mtumishi wa Elisha, alipotaka kumwondoa, nabii alisema mwacheni, kwa maana roho yake ina uchungu.

Tena tuseme ukweli: si kila mtoto hupona. Tumezika watoto ambao mama zao walifunga na kuomba kuliko sisi. Asiwepo wa kumwambia mama wa namna hiyo kwamba imani yake ilipungua.

Jumatatu wanaondoka na treni ya asubuhi kwenda Dar es Salaam, awamu ya pili ya dawa. Nauli ya kwenda imetimia, ya kurudi bado. Gunia la karanga liko kwangu, limebaki nusu. Nitakaa nalo mlangoni baada ya ibada ya kwanza. Anayeweza kuja kumenya Jumamosi jioni, aje na ungo wake.